Msuva, mjomba wangu na nguzo ya pili

Mjomba wangu ana kanuni yake kuhusu mawinga na hajawahi kuibadilisha tangu namfahamu: winga ambaye hajamkalisha beki chini ndani ya dakika ishirini za kwanza atoke, aingie mwingine. Hajali mechi iko ngapi ngapi. Tunaweza kuwa tunaongoza mbili na winga ndo kafunga yote mawili, mjomba atauliza, "Lakini kapiga chenga gani?" Kwake winga ni mtu wa burudani, kama yule mpiga ngoma ambaye harusini watu wanamsubiri yeye, bwana harusi mwenyewe baadaye.

Kwahiyo unaweza kupata picha miaka ile Azam TV ndo imeingia, tumejazana kwenye kibanda umiza, benchi la mbao linakuchoma makalio, Yanga inacheza na winga wao Simon Msuva yuko kulia. Mjomba alikuwa anateseka. Msuva anapokea mpira, anausukuma mbele mita kumi, anaukimbilia, anaufikia kwenye kibendera, anapiga krosi inapita juu ya kila mtu mpaka inatoka upande wa pili kuwa mpira wa kurusha. Mjomba anashika kichwa. "Huyu mtoto anakimbia kama kaacha maharage jikoni." Kibanda kizima kinacheka, na mi nacheka, siwezi kusema sikucheka. Afu dakika ya sabini na kitu krosi inatoka kushoto, inawapita mabeki wote, na huku nyuma kuna mtu peke yake kabisa anaugusa mpira mara moja tu, goli. Nani? Msuva. Mjomba anashangilia kama wengine, anakaa, anafuta jasho, anasema, "Hilo hata mi ningefunga."

Hiyo kauli ndo imenifanya niandike hii kitu. Nimeisikia miaka na miaka na kila nikiisikia namkumbuka kocha wangu wa mchangani.

Nilikuwa namba saba. Sio wa kutisha, ila nilikuwa na mbio, na mtaani ukiwa na mbio na huna kipaji kingine unawekwa pembeni usije ukaharibu katikati. Kocha wetu alikuwa fundi gereji, anakuja mazoezini na ovaroli ina grisi, hana filimbi, anapiga mluzi wa mdomo. Siku moja kaniita akaniambia mwanangu we ukiwa na mpira ni mzigo, lakini ukiwa huna mpira unaweza kuwa mchezaji. Nilikasirika kinoma. Akachukua chupa ya maji tupu, akaijaza mchanga, akaiweka ndani ya kumi na nane usawa wa nguzo ya pili, ile ya mbali na krosi, hatua kama tano kutoka golini. Akasema kuanzia leo kila mpira ukifika kwa namba kumi na moja kule kushoto, wewe kazi yako ndo imeanza, kimbia uiangushe hiyo chupa kwa mguu kabla krosi haijafika. Haijafika, sio imefika. Ukichelewa unazunguka uwanja mara mbili.

Nilizunguka sana. Maana jambo ambalo mtu wa benchi la mbao halioni ni kwamba ukiwa winga wa kulia na mpira uko kushoto, kila kitu mwilini kinakwambia pumzika. Umetoka kukimbia mita arobaini kumrudisha beki wao, mapafu yanawaka, mpira uko mbali, hakuna anayekuangalia. Unaweka mikono kiunoni. Hapo hapo ndo krosi inakuja na pale kwenye chupa hakuna mtu. Na kati ya mbio kumi za namna hiyo, labda moja mpira unafika. Tisa umekimbia bure, na hakuna atakayesema asante kwasababu hakuna aliyeona. Kwahiyo "hata mi ningefunga" ni kweli mjomba, kuugusa ungeugusa. Shida ni kwamba usingekuwepo.

Sasa nirudi kidogo nyuma, maana mjomba ana sababu yake, na sababu yake inaitwa Mrisho Ngassa.

Huwezi kuongelea mawinga wa Tanzania ukamruka Ngassa, mtoto wa Mwanza, mtoto wa Khalfan Ngassa ambaye naye alikuwa mchezaji kabla yake. Mdogo wa umbo, mguu mwepesi, akishika mpira uwanja mzima unasimama kabla hajafanya chochote. Alitoka Kagera Sugar akaja Yanga, na 2009 akaenda Uingereza kwenye majaribio West Ham, wakati huo kocha ni Gianfranco Zola. Haikuwa. 2011 akaenda Marekani kujaribu Seattle Sounders na akaingizwa kwenye mechi ya kirafiki na Manchester United, ile ambayo Seattle walipigwa saba na Rooney akaondoka na hat-trick. Matokeo ya siku hiyo hakuna aliyeyajali huku kwetu, tulichokuwa tunahadithiana kijiweni ni kwamba Ngassa kasimama uwanja mmoja na kina Rooney. Na huko pia haikuwa.

Katikati ya hayo yote akahamia Azam, na 2012 kwenye nusu fainali ya Kombe la Kagame akiwa na jezi ya Azam akafunga dhidi ya AS Vita, kisha akaonekana anaibusu jezi ya Yanga. Jezi ya Yanga, akiwa mchezaji wa Azam! Mjomba alilia siku ile, na si mtu wa kulia. Azam wakampeleka Simba, yani adhabu juu ya adhabu, afu 2013 akarudi nyumbani Jangwani, kwa Yanga. 2014 kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika Yanga tukapangwa na Komorozine ya Comoro, tukawafunga saba hapa na tano kule, Ngassa akaweka hat-trick mechi zote mbili, na mashindano yalipoisha jina lake lilikuwa kwenye wafungaji bora wa Afrika, mabao sita. Ndiyo, ilikuwa Komorozine, najua. Lakini mabao sita ni mabao sita. Baadaye Free State Stars ya Afrika Kusini, Fanja ya Oman, akarudi tena ligi yetu, Mbeya City na kwingine. Na Taifa Stars, timu yetu ya taifa, kaacha mabao 25, idadi ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ndo kilele cha mlima, kila mshambuliaji wetu akitajwa anapimwa nayo.

Kwahiyo mtu aliyemuona Ngassa akiwa amekamilika afu ukamletea Msuva, lazima aumie. Ni sawa na umezoea pilau la bi harusi kisha unaletewa wali maharage. Wali maharage hauna kosa lolote, na ndo unaokulea mwaka mzima, ila hakuna anayeuimbia.

Msuva alifika Yanga 2012 akitokea Moro United, kijana wa miaka kumi na minane hivi, mwembamba, mapaja ya mtu wa riadha. Timu ilikuwa imejaa mafundi, kuna Niyonzima pale katikati anayetuliza mpira kama anaubembeleza, kuna Ngassa mwenyewe akarudi mwaka uliofuata. Msuva alikuwa yule anayeingia dakika ya sitini, anayetolewa dakika ya sitini, anayezomewa na watu wake. Nimewahi kukaa mzunguko pale Taifa nikasikia jukwaa zima linamwambia atoke, na yeye bado anakimbia, hata kichwa hageuzi. Sijui kijana wa umri ule alikuwa anayaweka wapi yale matusi.

Msimu wa 2014/15 ulipoisha Yanga ni bingwa na mfungaji bora wa ligi ni Msuva, mabao 17. Winga. Timu ina Amissi Tambwe, mtu ambaye kazi yake duniani ni kufunga tu na msimu uliofuata alifunga 21, lakini mwaka ule juu yake alikaa namba saba ambaye mjomba alimkataa. Msimu wa 2016/17 akafanya tena, mabao 14, akagawana na Abdulrahman Mussa wa Ruvu Shooting. Ukikaa ukayarudia yale mabao utagundua machache sana yana chenga. Mengi ni mguso mmoja au miwili, mpira umetoka upande mwingine, beki wa kushoto wa wapinzani anaangalia mpira, Msuva anakuja mgongoni kwake.

Na hapo ndo akili ya hii kazi ilipo. Beki wa pembeni ana macho mawili na vitu viwili vya kuangalia, mpira na mtu wake, na mara nyingi haviko upande mmoja. Mpira ukiwa mbali kule kushoto, akiuangalia mpira anampoteza winga, akimuangalia winga anapoteza mpira. Winga mjanja anasubiri ile nusu sekunde kichwa cha beki kikigeuka kuangalia krosi, hapo hapo anaondoka. Mbio zake hazina haja ya kuwa kubwa, zinatakiwa tu zianze kabla. Msuva alikuwa na vyote viwili, anaanza kabla na ana mbio, na nyuma yake alikuwepo Juma Abdul, fulbeki anayepanda bila kuchoka na krosi yake unaweza kuiwekea bima. Kwahiyo Msuva hakuhitaji kushikilia kibendera muda wote, Juma yupo, yeye anakata ndani anakuwa kama mshambuliaji wa pili. Hans van der Pluijm, yule Mholanzi wetu, alimwachia afanye hivo, na nadhani ndo kitu kikubwa kocha yeyote amemfanyia.

2017 Msuva akaondoka kwenda Morocco, klabu ya Difaâ El Jadida. Tulisema hapa kijiweni atarudi kabla ya Krismasi. Tulikuwa tumezoea, mchezaji wetu anaenda nje, anapiga picha uwanja wa ndege na skafu shingoni, miezi mitatu unamuona anakula mishkaki Kinondoni. El Jadida ni mji wa pwani, Bahari ya Atlantiki, una ngome ya zamani ya Wareno, sio mbali na Casablanca. Baridi ipo, Kiarabu na Kifaransa, mabeki wa kule wanakukaba kwa kiwiko na kwa maneno. Jamaa akakaa misimu mitatu. 2018 akacheza Ligi ya Mabingwa Afrika hatua ya makundi, kundi moja na TP Mazembe, MC Alger na ES Sétif, na akafunga humo. Wakati sisi huku tunabishana kama yuko hai, dogo alikuwa anaumana na Mazembe.

Kilichombadilisha kule nadhani ni mguso wa kwanza. Ukimuangalia Msuva wa 2015 mpira ukimfika unaruka nusu mita, anaufukuza. Msuva wa 2018 mpira unakufa mguuni. Sio kwamba akawa fundi, hapana, akawa tu mtu ambaye hapotezi kazi aliyoikimbilia.

Afu Agosti 2018 Stars ikapata kocha anaitwa Emmanuel Amunike, na hapa naomba nikae kidogo maana watu wetu walimtukana sana yule mzee na nadhani wengi hawakujua wanamtukana nani. Amunike alikuwa winga. Winga wa kushoto wa Nigeria, ile Nigeria yenyewe. Fainali ya AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, 1994 kule Tunis dhidi ya Zambia, Zambia iliyojengwa upya baada ya ndege kuua timu nzima Gabon mwaka mmoja nyuma, Nigeria walishinda 2-1 na mabao yote mawili ni yake. Mwaka huohuo akafunga Kombe la Dunia Marekani, akafunga tena, akachukua uchezaji bora wa Afrika. Fainali ya Olimpiki 1996 na Argentina, tatu kwa mbili, goli la mwisho dakika zimeisha ni la nani? Lake. Akatoka Sporting akaenda Barcelona, umri wa miaka 25, dunia yote iko mbele yake. Afu goti likakataa. Akapasuliwa, akarudi, likakataa tena, na kwa kifupi yule Amunike tuliyemuona 1994 hakuonekana tena.

Ndo maana nilipenda kumuona amesimama pembeni ya mstari, na Msuva anapita mbele yake mita mbili akipandisha mpira. Mmoja alipewa kila kitu na miguu ikamwangusha. Mwingine alipewa miguu tu.

Machi 24, 2019, Jumapili, mimi na mjomba tulikuwa Taifa. Mechi na Uganda. Waganda walishafuzu, sisi tunatakiwa tushinde na wakati huohuo Lesotho wasishinde kule Cape Verde, kwahiyo kila mtu ana simu mkononi, nusu ya uwanja inaangalia mpira, nusu inaangalia simu. Mjomba alikuwa mtoto mwaka 1980 Stars ilipoenda AFCON Lagos, alisikiliza redioni, na tangu hapo hakuna kitu, miaka 39 ya kupiga hesabu za "wakifungwa hawa, na wale wakitoka sare". Dakika ya 21 Msuva akafunga. Sikumbuki nilivyosimama, nakumbuka nimekumbatiwa na mtu ambaye simjui ana jasho kama ndoo. Erasto Nyoni akaweka penalti kipindi cha pili, Aggrey Morris akaongeza la tatu, kule Cape Verde sifuri sifuri, tumefuzu. Tulitembea kwa miguu mpaka Mtongani, daladala hazipiti, watu wamejaa barabarani. Mjomba alikuwa anaimba. Karibu na Temeke nikamchokoza, "Mjomba, Msuva huyo." Akasema, "Mi nimemsifia Nyoni, penalti ile imetulia."

Cairo, kwenye AFCON yenyewe, haikuwa nzuri. Senegal mbili, Algeria tatu, na ile ya Kenya katikati ambayo nikikutana na Mkenya mpaka leo naiona usoni kwake kabla hajafungua mdomo. Tuliongoza mara mbili, tukapigwa tatu mbili, Olunga mawili, Omolo moja. Amunike akafukuzwa. Lakini liangalie lile goli la kwanza, dakika ya sita: mshambuliaji wetu Samatta anapiga, kipa wa Kenya Matasi anautema, na mpira unaangukia kwa nani? Kuna mabeki wa Kenya pale watatu, wote wamesimama kuangalia shuti la Samatta kama abiria wanaoangalia basi lililowaacha. Mmoja tu ndo alikuwa hajasimama. Goli la kwanza la Tanzania AFCON tangu 1980 lilifungwa kwa chupa ya maji ya kocha wangu, ndo mi navyoamini, nicheke tu.

2020 Msuva akapanda ngazi, Wydad Casablanca, moja ya klabu kubwa za bara hili, na msimu wake wa kwanza wakachukua ubingwa wa Morocco na kufika nusu fainali ya Afrika wakatolewa na Kaizer Chiefs. Halafu ikaja ile sehemu ya maisha ya mchezaji ambayo haionyeshwi kwenye TV. Mgogoro wa mkataba na malipo, ukafika mpaka FIFA, jamaa akarudi nyumbani Dar bila timu, miezi inapita. Mwanasheria, barua, subira. Na Mei 30, 2022 Wydad wakawafunga Al Ahly 2-0 Casablanca, wakachukua Ligi ya Mabingwa Afrika. Mtanzania mwenye mgogoro nao yuko kwao anaangalia kama mimi na wewe tulivyoangalia. FIFA baadaye walimpa haki yake, lakini medali haina kifungu FIFA.

Miezi michache kabla hajarudi nyumbani alikuwa amefunga Lubumbashi dhidi ya Congo, moja moja, na akafunga Cotonou dhidi ya Benin tukashinda moja sifuri ugenini, mechi za kufuzu Kombe la Dunia. Nilidhani basi, ndo tumeyaona ya mwisho mwisho. Winga akikaa bila timu anaoza haraka kuliko mchezaji yeyote. Kiungo anaweza kuwa mzito na bado akapiga pasi, beki wa kati ataongea tu na mwenzake. Winga biashara yake ni nyama za nyuma ya paja, zile zikishazoea uvivu siku ukiziita zinakatika.

Na hata zisipokatika, umri unakuja. Ukifika thelathini ile hatua moja uliyokuwa unamzidi beki inakuwa nusu hatua, na hapo lazima uamue unakuwa nani. Giggs aliingia katikati akawa kiungo, akacheza Manchester mpaka miaka 40. Antonio Valencia walimrudisha fulbeki, Jesús Navas naye hivohivo, akaishi miaka mingi huko nyuma. Robben hakubadilisha chochote, anakata ndani na ule mguu wa kushoto, dunia nzima inajua atakata ndani, na bado Wembley 2013 dakika ya 89 kawapiga Dortmund. Lakini Robben ni Robben. Msuva yeye alichukua ile kitu ambayo tayari alikuwa nayo akasogea nayo karibu na goli. Siku hizi wakati mwingine anaanza kabisa kama mshambuliaji, na wala haonekani mgeni pale, kwasababu miaka yote alikuwa anaenda kwenye ile chupa, sasa hivi anaanzia tu karibu nayo zaidi.

Safari yake baada ya Wydad watu wanaicheka. Al-Qadsiah ya Saudia ikiwa daraja la pili, JS Kabylie Algeria, Al-Najma Saudia tena, afu Al-Talaba ya Baghdad. Kijiweni wanasema kapotea. Sisi tuna ugonjwa wetu, mchezaji akiwa sio Ulaya hayupo kazini. Mtu kacheza Morocco, Saudia, Algeria, Iraq, analipwa, analea familia, kila kambi ya Stars anakuja kashuka kwenye ndege ya masaa kumi, afu anayemuita kapotea ni jamaa ambaye hajavuka Chalinze. Mi mwenyewe sijafika mbali sana na Chalinze kwahiyo naongea kwa uchungu.

Na hebu tuhesabu. Kufuzu AFCON ya Ivory Coast: Machi 2023 Ismailia, Uganda mechi yao ya nyumbani wanaichezea Misri, tumeshinda moja bila, Msuva. Juni, Niger Dar, moja bila, Msuva. Tukaenda Algeria tukatoa sare ya bila kufungana tukafuzu. Kwenye mashindano yenyewe Januari 2024 tulifunga goli moja tu mechi tatu, San Pedro dhidi ya Zambia, dakika ya 11, Samatta katoa pasi Msuva kafunga. Zambia wakabaki kumi, na bado Daka akasawazisha dakika ya 88, hiyo sitaki kuiongelea.

Kufuzu AFCON ya 2025 sasa. Mechi ya pili kutoka mwisho ya kundi, Novemba 16, 2024, tunacheza na Ethiopia na mechi iko Kinshasa, mbili bila, Msuva la kwanza, Feisal la pili. Siku tatu baadaye Guinea Dar, wao wana pointi 9 sisi 7, sare inawapeleka wao. Jumanne. Sikuweza kutoka kazini kwenda uwanjani, niliangalia kwa simu nimeiegemeza kwenye chupa ya maji mezani (kweli kabisa, niliiona baadaye nikacheka peke yangu), na mjomba yuko kwake Mbagala, miguu inamsumbua siku hizi, tunapigiana kila dakika kumi. Kipindi cha kwanza hakuna. Mapumziko kanipigia kusema Msuva atolewe. Nikamwambia mjomba tulia. Akasema kapiga chenga gani tangu mechi ianze, nitajie moja. Sikuwa nayo.

Dakika ya 61 krosi ikaja, mabeki wa Guinea wakubwa wale, warefu, wote macho juu, na jamaa wa miaka 31 kapita katikati yao kwa kichwa. Moja bila. Ikaisha hivohivo, tukafuzu tukawa na pointi 10, Guinea na mastaa wao wakabaki nyumbani.

Simu ikaita kabla hata hawajamaliza kushangilia. Kule kwa mjomba kelele, kuna watoto wanapiga masufuria, mtu anapuliza vuvuzela ndani ya nyumba.

"Mjomba umeona?" nikamuuliza.

"Nimeona. Hivi yule beki wao alikuwa anaangalia nini?"

Nikasema mjomba, alikuwa anaangalia mpira.

Kukawa kimya kidogo, nasikia masufuria tu. "Haya," akasema, "lakini Ngassa angempiga chenga kwanza."